Jetiski ya kuongozwa Diani: tunaotoka Kisumu tujiandae vipi?

MkaziWaMilimani

Hamjambo wadau. Desemba tunashuka Diani watu wanne kutoka hapa Kisumu: mimi, mke wangu, mdogo wangu wa kiume na binti yetu wa miaka 14. Hoteli imetupangia jetiski (pikipiki ya majini) ya kuongozwa, saa nzima kufuata ufuo, mwongozaji akitangulia na sisi tukimfuata kwa mashine mbili. Imepangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiendesha, ila mdogo wangu ni mtu wa bodaboda na anasema hazina tofauti.

Je, kuna haja ya kufanya mazoezi huku ziwani kwanza, au ziwa ni ziwa na bahari ni bahari? Nguo gani zinafaa? Mke wangu anataka kujifunga leso juu ya suruali yake ya kuogelea. Binti anaweza kuendesha? Na mtu akianguka majini, anafanya nini hasa? Naomba majibu ya wanaoijua kazi hii.

NahodhaWaUkunda

Karibuni Diani. Naanza na mdogo wako, maana hapo ndipo hatari ilipo.

Jetiski haina usukani ulioshuka majini kama mashua. Injini inazungusha impela, yaani feni ya ndani, impela inanyonya maji kupitia tundu la chini na kuyatema kwa nguvu kupitia mdomo ulio tezi, yaani nyuma ya chombo. Ukigeuza mikono, unachogeuza ni mdomo ule tu. Bila maji kutoka, hakuna kona. Mwendeshaji wa bodaboda akiona kitu mbele, mkono wenyewe unaachia mafuta na kushika breki kabla hajafikiri. Juu ya jetiski, ukiachia mafuta huku unakata kona, mashine inakwenda mbele moja kwa moja kana kwamba hukugeuza chochote, na kutoka mwendo wa juu inaweza kuteleza mita 90 au zaidi kabla ya kutulia. Ajali nyingi za wageni ndivyo zinavyotokea: mtu aliona mapema, akaogopa, akaachia, akagonga alichokuwa anakikimbia.

Mashine mpya za Sea-Doo na Yamaha zina wenzo wa breki mkono wa kushoto. Za kukodisha nyingi ni za miaka ya nyuma na hazina. Ulizeni kabla ya kupanda, msikisie.

Kwa hiyo mwombeni mwongozaji dakika tano kwenye maji wazi kabla msafara haujaanza. Kila atakayeendesha aende mwendo mdogo, apinde kona huku amebana mafuta kidogo, kisha arudie kona ileile akiachia kabisa, aone mashine inavyokataa. Akishaiona mara mbili tatu, mkono unaelewa. Mwongozaji anayekataa kuwapa dakika hizo, msimpe pesa yenu.

Sasa saa nne asubuhi. Hoteli hupanga saa hiyo kwa sababu ni baada ya chai, lakini bahari haijui chai. Kwetu, siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo inakaribia mita nne. Kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe hapa Diani kunabaki maji ya magotini, matumbawe, nyasi za bahari na viumbe vya baharini vyenye miiba, na mashine nyingi zinataka kina cha karibu sentimita 90 kabla hata ya kuwasha injini, la sivyo zinanyonya mchanga na mawe. Mwezi ukiwa nusu, mambo ni kinyume: saa nne maji yamejaa, ingawa si sana.

Angalieni jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, la siku hiyo. Tafuteni saa ya kujaa, kisha pangeni safari ndani ya saa mbili kabla au saa mbili baada yake. Kila siku saa hiyo inasogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo mkiahirisha kutoka Jumamosi hadi Jumatatu, ongezeni karibu saa moja na dakika 40. Desemba ni msimu wa kaskazi na mara nyingi asubuhi ndiyo tulivu, upepo huongezeka mchana. Ikitokea maji yanajaa alasiri tu na upepo umeshika, afadhali kusogeza siku kuliko kulazimisha.

Njiani: kaeni kati ya ufuo na mwamba. Mlango wa mwamba una mawimbi yanayovunjika na mkondo unaotoka nje maji yakipwa, si mahali pa mwanafunzi. Mfuateni mwongozaji kwa umbali wa mita 50 au zaidi, na msikae nyuma yake moja kwa moja, sogeeni kidogo pembeni, ili akisimama ghafla muwe na pa kupita. Msirukie mawimbi yake. Kabla ya kona yoyote, geuza kichwa kwanza utazame nyuma; mdogo wako yuko huko na hawezi kusimama haraka. Mkikutana na chombo uso kwa uso, kila mmoja aende kulia kwake. Anayekuja kutoka kulia kwako ana haki ya kupita. Ngalawa na watu wa kaiti (wanaovutwa majini na tiara) wanategemea upepo, wapisheni kila mara. Boya lenye bendera nyekundu ya mstari mweupe wa kukingama maana yake kuna mtu chini ya maji, zungukeni mbali.

FundiWaDunga

Nahodha amesema vyema. Mimi najibu la mazoezi ya ziwani, na la mashine yenyewe.

Mazoezi yanasaidia kwa jambo moja kubwa, hilo la kona na mafuta. Linafundishika popote penye maji. Lakini chagueni saa: Ghuba la Winam hutulia asubuhi, upepo wa ziwa unaanza kuvuma kuelekea nchi kavu mchana, na jioni mara nyingi mvua ya radi inafuata. Msiende upande wa Hippo Point jua linapozama wala kukatiza karibu na matete. Kiboko akiwa chini ya maji humwoni. Ukingoni penye majani na konokono ndipo pia panapoambukiza kichocho, kwa hiyo zoezi la kuanguka na kupanda tena lifanyieni kwenye maji ya kina, mbali na majani. Aliyekaa majini muda akapimwe baada ya wiki sita hadi nane, dawa ipo.

Lisilohamishika kutoka ziwani ni maji kujaa na kupwa, na chumvi. Pia mtaona mashine ya Diani ina nguvu zaidi. Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na supachaja (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza karibu asilimia kumi ya nguvu zake huku. Mdogo wako akizoea kubana mafuta yote hapa Dunga, Diani itamtupa nyuma.

Adui wa jetiski ziwani ni gugumaji. Huku linanyonywa kwenye tundu la chini, huko Diani ni nyasi za bahari, kipande cha wavu au mfuko wa plastiki. Dalili ni ileile: injini inapiga kelele, mzunguko unapanda, lakini mashine haisogei, na unahisi mtetemo chini ya kiti. Maana yake impela haipati maji ya kutosha, inazunguka kwenye povu. Kwenye mashine nyingi maji ya kupoza injini yanatoka kwenye pampu hiyohiyo, kwa hiyo ukilazimisha dakika chache unaunguza injini, usingoje king'ora kilie. Zima, chomoa kamba ya kuzimia injini, inua mkono, mngoje mwongozaji. Usipitishe mkono chini hata kama unaliona jani. Injini iwe imezimwa na kamba imetoka, ndipo mtu anayejua aguse.

Mkifika ufuoni, kabla ya kulipa, kagueni haya. Kamba ya kuzimia injini: ivaeni kwenye kifundo cha mkono au kwenye pete ya jaketi, injini iwashwe, ivutwe, injini ife papo hapo. Ikiendelea kunguruma, mashine hiyo irudi kwa mwenyewe. Wenzo wa mafuta urudi wenyewe ukiachiwa, usinate. Chumvi hukausha waya wake. Tazameni chini ya bodi kama kuna nyufa, pigeni picha mikwaruzo yote pande zote nne mbele ya mwenye mashine, maana ugomvi wa kurudi ufuoni huwa ni nani aliyekwaruza. Geji ya mafuta iwe juu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Upepo wa mbele wakati wa kurudi unaweza kula mara mbili ya mlichodhani. Na waulizeni kama chombo kimekaguliwa na KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya. Mwenye karatasi huzitoa bila kununa.

MamaTatu_Section58

Nakuru hapa. Baba, mwambie mama watoto leso ibaki mchangani. Si suala la heshima, ni hilo tundu la chini. Kitambaa kinachoning'inia, kamba ya suruali, nywele ndefu za kusuka, vyote vinaweza kuvutwa na kuzungushwa kwenye shafti mtu akiwa nyuma ya mashine majini. Nywele zifungwe juu zote, ziingie ndani ya kofia ya kuogelea au kitambaa kilichobana kichwa.

Stara anaipata kwa njia bora zaidi: suruali nzito ya mpira wa neopreni na blauzi ya mikono mirefu ya kuogelea. Suruali hiyo hata wanaume waivae. Anayekaa nyuma akianguka chali karibu na mdomo wa tezi, maji yanayotoka kwa kasi ile yanaweza kuingia kwa nguvu kupitia njia ya haja kubwa au ukeni na kupasua viungo vya ndani. Watengenezaji wenyewe wameandika onyo hilo kwenye stika ya mashine, lakini wakodishaji wengi hawalitaji kwa kuona haya. Chupi ya kuogelea au bukta nyepesi haizuii. Kama wakodishaji hawana suruali hizo, nunueni au azimeni kabla ya kusafiri.

Jaketi: liwe la povu, si la kujazwa hewa, na liwe saizi ya mvaaji. Funga zipu na mikanda yote, kisha mtu asimame nyuma yako avute mabega ya jaketi juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, badilisheni. Binti msimpe la mtu mzima eti atalikaza.

Kuendesha, hapana. Watengenezaji wanaweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa mwendeshaji. Akae nyuma, miguu yake ifike vizuri kwenye sehemu ya kukanyagia, amshike aliye mbele kiunoni kwa mikono miwili muda wote. Anayeendesha asibane mafuta mpaka asikie "tayari" kutoka nyuma.

MkaziWaMilimani

Asanteni sana, haya ya suruali hatukuwahi kuyasikia popote. Mke wangu amekubali leso ibaki. Limebaki la kuanguka. Na mashine ikipinduka kabisa, nani anaigeuza? Sisi wawili tulio mashine moja tuna jumla ya kilo 170, mdogo wangu na binti hawafiki 130.

NahodhaWaUkunda

Kwa uzito hamna shida. Mashine za viti vitatu huandikwa kati ya kilo 240 na 270, tazameni kibandiko chake. Ila wewe na mama mtaiona inayumba mkisimama. Ikitembea inatulia.

Kuanguka: achia usukani, usiung'ang'anie. Kamba ya mkononi itazima injini. Ukiibuka, ogelea hadi kwenye mashine mara moja na uishike, kwa sababu upepo huisukuma haraka kuliko unavyoogelea. Ikiwa imesimama wima, nenda tezi, hakikisha injini imezimwa, shika kishikio, jivute kwa tumbo mpaka magoti yapande, kisha songa hadi kwenye kiti. Mwendeshaji anatangulia, anaweka uzito katikati, ndipo abiria apande kwa nyuma hiyohiyo. Kupanda kwa ubavuni kunaipindua tena. Kamba irudi mkononi, wote wakae, ndipo mwashe.

Ikilala chali, kuna stika tezi inayoonyesha mshale wa upande wa kuigeuzia. Imechorwa juu chini makusudi, ili isomeke mashine ikiwa imepinduka. Mwongozaji ndiye afanye. Akiwa mbali: injini imezimwa, shika wavu wa tundu la kunyonyea kwa mkono mmoja, kanyaga ukingo wa bodi, egemea kwa uzito wako ukifuata mshale. Ukigeuza kinyume, maji yanaingia kwenye injini. Usiiache imelala muda mrefu, na hata ikiwaka baada ya hapo, mwambie mwongozaji aikague kabla hamjaendelea.

FundiWaDunga

Niongeze hapo: isipowaka mara ya kwanza, msibonyeze kitufe tena na tena. Kama maji yameingia kwenye silinda, kuilazimisha kunapinda vyuma vya ndani, na bili itakuwa yenu. Ivutwe hadi ufuoni polepole.

Mdogo wako akitaka, wiki hii aje Dunga saa moja asubuhi kabla ya upepo, atafute mwenye mashine, alipie dakika 15 za kona tu. Na kama mashine ya Diani ni Sea-Doo, waombeni ufunguo wa mwanafunzi. Unapunguza mwendo, na kwa saa ya kwanza unatosha kabisa.