Je, kuchaji simu bila waya ni sababu ya kutosha ya kununua hisa za madini?

Swali

Ndugu zangu, nawasalimu. Kampuni moja ndogo ya utafutaji wa madini, ambayo hisa zake zinauzwa Toronto, inawaeleza wawekezaji kwamba simu zinazochajiwa bila waya zitapandisha sana bei ya shaba na ya neodimi, metali ya kutengenezea sumaku zenye nguvu, kwa kuwa kila simu ya aina hiyo ina koili (waya uliozungushwa) ya shaba, na iPhone nyingi tangu mwaka 2020 zina pia duara la sumaku mgongoni. Nina akiba niliyoitenga kwa ajili ya ada za watoto, nami ningependa kujua uzito wa hoja hiyo kabla sijatoa hata shilingi moja.

Jibu la kwanza

Maelezo ya kiufundi ni sahihi. Kinachoiangusha hoja ni kiasi. Kifaa cha kuchajia hupitisha mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara, katika koili yake, na uga wa sumaku unaotokana nao huamsha mkondo mwingine katika koili ya simu, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Tukadirie gramu 20 za shaba kwa simu pamoja na kifaa chake, kisha tuzizidishe kwa simu bilioni 1.2, ambazo ni takriban mauzo ya dunia nzima kwa mwaka: tunapata tani 24,000, ilhali dunia hutumia zaidi ya tani milioni 25 za shaba iliyosafishwa kila mwaka. Hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu, na bado nimekadiria kwa ukarimu, maana simu nyingi za bei nafuu tunazozitumia hazina koili hiyo kabisa. Kwa neodimi ni vivyo hivyo: sumaku za simu huhesabiwa kwa gramu, wakati mota za magari mengi ya umeme hubeba sumaku za kilo nzima au zaidi.

Jibu la pili

Naongezea upande wa bei, kwa sababu hapo ndipo watu walipoumia. Mwaka 2010 China ilipunguza kiasi cha madini adimu, kundi ambalo neodimi imo, kilichoruhusiwa kusafirishwa nje, bei zikapaa, na hisa za kampuni ya Molycorp ya Marekani, zilizoingia sokoni mwaka huo kwa dola 14, zikavuka dola 70 mwaka 2011. Viwanda vikapunguza matumizi, bei zikaporomoka, na Juni 2015 Molycorp ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, ingawa mgodi wake wa Mountain Pass ulikuwa na madini ya kweli. Kobalti, metali ya betri za simu, nayo ilipita dola 90,000 kwa tani mwanzoni mwa 2018, na mwaka uliofuata ikashuka chini ya dola 30,000. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha mauzo ya kobalti nje ya nchi, bei ikapanda tena. Anayenunua hisa hizi anabashiri uamuzi wa Beijing na wa Kinshasa, wala si idadi ya simu.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Je, mradi wa madini adimu wa hapa nyumbani Tanzania kama Ngualla, mkoani Songwe, una hatari ndogo zaidi?

Jibu la pili

Mashapo ya Ngualla yamethibitishwa kwa uchorongaji, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2023, zaidi ya miaka kumi baada ya utafutaji kuanza, na kwa muda wote huo kampuni ya aina hii huishi kwa kuuza hisa mpya, hivyo fungu la mwenye hisa wa zamani huzidi kupungua. Ada za shule haziwezi kusubiri kiasi hicho. Fedha hizo ningeziweka katika hatifungani za serikali, na kwa madini ningetumia tu ziada ambayo ikipotea yote, hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani.