Nyuso zimeungua kwenye picha za ndoa, naomba ushauri kabla ya ndoa ya pili

Mwana wa Chumbageni

Wakuu, salaam. Napiga picha kwa kupenda tu, sina studio wala sifanyi kazi za watu. Kamera yangu ni Canon 1300D na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, 18-55.

Mwezi wa tano kaka yangu alioa hapa Tanga. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya Adhuhuri. Tukatoka nje, wanaume kama ishirini, kanzu nyeupe na kofia, nyuma yao ukuta wa chokaa. Nikawapanga, nikapiga. Picha ni moja tu ambayo wote wamo, kwa sababu baada ya hapo kila mtu alikimbilia pilau.

Nyuso zote zimeungua. Baba hana macho, yamezama kwenye kivuli cha paji la uso. Bwana harusi ni mweusi kama mimi, humtambui ila kwa joho. Na kanzu ambazo mama alizipiga pasi tangu alfajiri zimetoka rangi ya majivu. Mama aliitazama ile picha kwenye simu yangu, akanirudishia simu bila kusema neno. Hilo ndilo linaloniuma.

Katikati ya mwezi huu wa sita mdogo wetu naye anaoa, msikiti uleule, saa ileile. Kamera ilikuwa kwenye P, yaani inajipangia mwanga yenyewe, ISO (wepesi wa kushika mwanga) 200, na taarifa za picha zinaonyesha f/8 na 1/1600 ya sekunde. Nimekosea wapi? Kuna rafiki ameniambia ninunue lenzi ya zumu. Akiba yangu inatosha lenzi moja ndogo, haizidi hapo.

Kijana wa Kizingo

Pole sana ndugu yangu. Picha ikiungua ni mwanga umezidi, kwa hivyo upunguze. Shikilia kitufe cha Av +/- huku ukizungusha gurudumu, kialama kiende upande wa kutoa hatua moja (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu, au huuongeza mara mbili). Ukifanya hivyo hapa Mombasa saa saba mchana, mawingu yanarudi na weupe unatulia.

Bint Forodhani

Kizingo, usimpoteze mwenzio. Soma tena alichoandika. Baba hana macho, kanzu zina rangi ya majivu. Huyu mwanga umempungukia. Akitoa hatua nyingine, mdogo wake ataoa gizani.

Kijana wa Kizingo

Mbona basi amesema zimeungua? Kuungua ni pale mahali pamekuwa peupe kabisa, hata ukivuta chini kwenye kompyuta hakuna kinachorudi. Hivyo ndivyo tunavyosema sote huku.

Mwana wa Chumbageni

Samahani kama nimewachanganya. Kwetu kitu kikiungua kinakuwa cheusi. Wali ukiungua, ukoko ni mweusi. Nimesema nilichokiona kwenye uso wa baba.

Mzee wa Mkanda

Wanangu, hapa hamjagombana, mmesimama pande mbili za kitu kimoja. Mimi nilianza na mkanda. Mkanda wa picha 36 ukifungua mgongo wa kamera kabla hujaurudisha kwenye kopo lake, umeungua. Ukiutia dawa, negativu inatoka nyeusi tii. Na ukiisafisha picha kutoka kwenye ile negativu, inatoka nyeupe. Anayesema kuungua ni weusi aliangalia negativu, anayesema ni weupe aliangalia karatasi. Vijana hamjaishika negativu, mmebaki na neno bila kitu chake.

Ila kwa kuombana ushauri, tukubaliane leo: mwanga umezidi, au mwanga umepungua. Neno la kuungua litatuponza, kama lilivyotaka kumponza huyu.

Kijana wa Kizingo

Shikamoo mzee, nimekubali, na maneno yangu ya kupunguza nayaondoa. Lakini "kuisafisha" picha siikubali. Picha huoshwa.

Mzee wa Mkanda

Marahaba. Kuosha ni hatua ya mwisho tu, maji ya kuondoa dawa. Kabla yake kuna dawa ya kuitoa picha, kuna ya kuizuia isiendelee, kuna ya kuikaza isififie. Kazi yote hiyo kwa pamoja ndiyo kusafisha. Ukiiita kuosha umewataja waosha vyombo ukawasahau wapishi.

Kijana wa Kizingo

Kwa mama yangu zitaendelea kuoshwa, mzee wangu. Tumuache Bint amjibu mwenye shida.

Bint Forodhani

Chumbageni, kosa si lako peke yako. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kanzu wala uso. Kinachojua ni kwamba kila kitu mbele yake kiwe kijivu cha kati. Mbele yako palikuwa na kanzu ishirini nyeupe na ukuta mweupe, kikadhani mwanga ni mwingi mno, kikaufunga. Kanzu zikawa kijivu kama kilivyotaka, na nyuso ambazo tayari ni nyeusi kuliko kanzu zikashuka chini zaidi. Kwa hiyo weupe ukijaa kwenye fremu, unaongeza mwanga, huupunguzi. Moyo unakuambia vingine, usiusikilize.

Tukague kwa kanuni ya jua ya 16. Jua kali lisilo na wingu: f/16, na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kwa mwanga, ni moja gawanya kwa ISO. ISO yako 200, basi 1/200. Ulitumia f/8, ambayo ni hatua mbili wazi zaidi, kwa hiyo kasi ingekuwa 1/800. Kamera ilikupa 1/1600. Nusu kamili ya mwanga uliotakiwa. Ungeweka fidia ya mwanga, ile Av +/-, kwenye +1 ungekuwa pale pale.

Mzee wa Mkanda

Hesabu safi. Kanuni hiyo ilikuwa imechapwa ndani ya boksi la mkanda, na wengi wetu tuliijua kabla ya kumiliki kipimo.

Nikiongeza moja. Mitambo ya rangi nayo haikutengenezwa ikiwa na sura ya baba yako kichwani. Kodak walikuwa wakizipelekea maabara kadi ya mfano ya kulinganishia rangi, juu yake mwanamke mzungu, na kadi zenyewe zikaitwa Shirley. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa sahihi, sisi tukatoka tulivyotoka. Waliolalamika wakasikilizwa, kwa mujibu wa waliolichunguza jambo hilo, walikuwemo watengeneza chokoleti na samani za mbao, kwa kuwa bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri. Mimi nilisafisha harusi za watu kwa miaka mingi na jambo hili halijanitoka. Kwa hiyo mpigapicha wa kwetu ni wajibu wake kujua kumwekea mweusi mwanga wake.

Muhibu wa Lubumbashi

Wazee na vijana, jambo. Sisi huku tunasema kupiga foto. Ndugu, weka kipimo kwenye spoti, kisome kidoa kidogo tu cha katikati, elekeza kwa uso wa baba, yaishe.

Bint Forodhani

Karibu Muhibu. 1300D haina spoti. Ina kipimo cha sehemu, kinachosoma kama asilimia 10 ya katikati ya kioo cha kuchungulia. Kinafaa, ila asogee mpaka uso ujaze hiyo katikati, abonyeze kitufe cha nyota ili kipimo kijifunge, kisha arudi nyuma apange picha. Na akumbuke kwamba ngozi nyeusi nayo inakidanganya kipimo, kwa upande wa pili: kitataka kuifanya kijivu, kitaongeza kupita kiasi na kanzu zitapotea. Akipima usoni atoe hatua moja. Akipima fremu nzima yenye kanzu aongeze moja. Wengi hujifunza nusu ya hili wakaishia kulaumu kamera.

Na chagua kuhifadhi picha ghafi (RAW), si JPEG peke yake. Kwenye faili ghafi uso uliozama unaweza kuuvuta juu kiasi. Weupe uliopotea haurudi, Kizingo yuko sawa kwa hilo.

Mwana wa Chumbageni

Nimeelewa kwa mara ya kwanza. Nimekuwa nikiona ile +/- tangu ninunue kamera, nikidhani ni ya wataalamu. Je, zumu? Na hiyo f/8, kitabu kimoja kinaita tundu, kingine kipenyo, jamaa wa mtaani anaita apacha. Ni kitu kimoja?

Kijana wa Kizingo

Zumu unayo tayari! 18-55 ni zumu, kwa sababu inatoka 18 ikafika 55. Zumu ni kubadilika, si urefu. Kuna lenzi ya milimita 300 isiyobadilika hata kidogo, hiyo si zumu, na huona mbali kuliko yako. Rafiki yako alikusudia lenzi ndefu. Nimelipigania neno hili kwenye kila harusi niliyokwenda.

Mzee wa Mkanda

Na utaendelea kulipigania. Mteja akija anasema "nivute kwa zumu" anataka aonekane karibu, nawe unamwelewa. Neno likishaeleweka sokoni limeshakaa.

Kijana wa Kizingo

Mzee, saa moja iliyopita umesema kuungua litatuponza ingawa liko sokoni. Zumu nalo lingemponza: angemaliza akiba yake kununua lenzi ndefu, na kwa watu ishirini angelazimika kusimama barabara ya pili.

Mzee wa Mkanda

Hapo umenishika. Nakupa.

Bint Forodhani

Usinunue lenzi yoyote kwa kazi hii. Hata 50mm ya f/1.8 ambayo kila mtu atakushauri, nami naipenda, kwenye kamera yako inaona kama 80mm. Ni nzuri kwa uso mmoja, si kwa ukoo. Tumia hiyo uliyo nayo, 24 mpaka 35 hivi, f/8 ili safu ya nyuma isitoke na ukungu.

Kuhusu jina, mimi nasema mboni. Jicho lina mboni, gizani inapanuka, juani inasinyaa, na lenzi inafanya hivyohivyo. Mtoto wa darasa la tatu ataelewa. Tundu ni la panya.

Kijana wa Kizingo

Tundu ni tundu, ni mahali pa kupita, na mwanga hupita. Mboni ya jicho huonekana nyeusi, mwanafunzi atafikiri ni kitu cheusi kilichowekwa ndani. Kipenyo ndicho kibaya kuliko vyote, kwa kuwa kipenyo ni kipimo cha tundu, si tundu lenyewe. Ile 50mm kwenye f/4, tundu lina kipenyo cha milimita 12.5. Hamsini gawanya kwa nne. Maneno yote mawili yanahitajika, kila moja na kazi yake.

Bint Forodhani

Kwa kipenyo tuko pamoja. Kwa mboni sirudi nyuma. Na namba hizo za f, ndugu Chumbageni, ni za kugawanyia, ndiyo maana namba ikikua mboni inasinyaa. Ukilishika hilo, jina utachagua mwenyewe.

Muhibu wa Lubumbashi

Na flashi je? Flashi ya kamera ijaze macho.

Kijana wa Kizingo

Nimejaribu na kamera ya aina hiyohiyo. Juani ni lazima shata isizidi 1/200 ukiwasha flashi, kwa hivyo unafunga tundu mpaka f/16 na ISO 100. Flashi ile ndogo nguvu yake ni 9.2 kwa ISO 100. Gawa kwa 16 ya f/16 upate umbali kwa mita: inafika nusu mita na ushei. Watu ishirini wako mita tano mbele yako. Kwa uso mmoja wa karibu, kivulini, ndiyo.

Mzee wa Mkanda

Mwanangu, sasa sikiliza la mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Adhuhuri inaingia jua likishapinda utosi. Huo ndio mwanga mbaya kuliko yote kwa uso wa mtu: unatoka juu, paji linazuia, macho yanakuwa mashimo. Fidia ya +1 itasafisha kanzu, haitayatoa macho ya baba.

Kibla chetu pwani hii ni kaskazini. Mwezi wa sita jua nalo limeegemea kaskazini. Kwa hiyo kivuli kiko upande wa nyuma wa msikiti, kusini. Ukuta wa mita tano wakati ule unatoa kivuli cha mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Safu mbili zinaingia, wanaobaki wachuchumae mbele. Ukikuta chini pana saruji au mchanga mweupe wenye jua mbele yao, hiyo ni taa ya bure, inarudisha mwanga juu mpaka kwenye macho. Usiwapeleke chini ya mwembe. Majani yanapitisha madoa ya jua, utapata bwana harusi mwenye mabaka.

Na kama wazee wataridhia, picha ya ukoo mzima ipigeni baada ya Alasiri. Alasiri inaingia kivuli cha kitu kikiwa kimerefuka kwa kimo cha kitu chenyewe, juu ya kile cha adhuhuri. Maana yake jua limeshuka, linaingia chini ya paji. Nimepiga nyuso za pwani hii maisha yangu yote kwa mwanga huo.

Mwana wa Chumbageni

Wakuu, nimerudi na majibu. Jana baada ya Adhuhuri nilimuomba ami avae kanzu, nikamsimamisha nyuma ya msikiti. Kivuli kipo kweli, nilikipima kwa hatua zangu, tatu ndogo, na chini ni saruji. Kivulini kamera yenyewe iliongeza mwanga, nikaweka +1 juu yake. Nikaibonyeza DISP kuona kama kuna weupe unaowaka na kuzima, yaani uliopotea: ni kwenye bega moja tu lililotoka kwenye jua. Macho yapo. Hata mikunjo ya pembeni ya macho yake ipo.

Kisha nikamrudisha baada ya Alasiri, upande wa magharibi. Mzee, nimeelewa ulichokuwa unasema.

Nimemuonyesha mama. Ameniuliza kama wajomba kutoka Pangani watakuwa bado hawajaondoka saa kumi. Nimemwambia nitawaomba wabaki. Amesema wataombwa na yeye.

Mzee wa Mkanda

Watabaki. Chukua betri ya pili, na kadi iliyo tupu.