Kampuni inaahidi 5% kwa mwezi au niweke UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya serikali)? Hela ni kiinua mgongo cha mama

Mtoto wa Mwalimu
Wakuu habarini, bi mkubwa kastaafu ualimu, baada ya kumalizia nyumba imebaki kama 20M hivi. Kuna kampuni inamfuata kila siku, wanampa 5% kila mwezi eti uhakika, cheti cha BRELA (wakala wa kusajili kampuni) na TIN ya kodi nimeviona kwa macho yangu, ofisi ina kiyoyozi na kila kitu. Mi namwambia UTT, yeye anasema huko hela inatembea kama kobe. Hawa watu nawapimaje?

Fundi Hesabu
BRELA hata mwenye duka la spea anacho mkuu, kinaonyesha kampuni ipo basi. Kukusanya hela za watu na kuwawekezea ni leseni ya CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana), ingia tovuti yao uangalie orodha, na jina lifanane herufi kwa herufi maana matapeli wanapenda majina ya kukaribiana. Halafu 5% kwa mwezi ni 60% kwa mwaka, serikali yenyewe ikikopa kwa wananchi kwa hatifungani ya miaka 25 haifiki hata 20% kwa mwaka, hao wanauza nini? DECI, ule upatu, nako watu walipanda mbegu wakavuna vizuri tu mpaka ulipoanguka 2009.

Dada Vipande
Na uliza hela inaingia akaunti ya nani. Mfuko wa kweli mali inakaa kwa benki mtunzaji, meneja kazi yake kuamua iwekezwe wapi. Ukipewa lipa namba yenye jina la mtu, sepa.

Jirani wa Namanga
Leseni pekee haitoshi. Huku Kenya 2018 kuna mfuko ulikuwa na leseni kabisa na bado ukazuia watu kutoa pesa, kumbe ulikuwa umekopesha Nakumatt, zile supamaketi zilizoanguka. Soma ripoti yao uone pesa iko wapi, serikalini au kwa kampuni moja.

Mtoto wa Mwalimu
Sawa, UTT mfuko upi sasa? Na bima ya amana inahusika?

Fundi Hesabu
Hapana, Bodi ya Bima ya Amana ni akaunti za benki tu, vipande (sehemu unazonunua kwenye mfuko) haigusi, na bei ya kipande inaweza kushuka pia. Ya matibabu na dharura weka Mfuko wa Ukwasi wa UTT, inatoka ndani ya siku chache. Inayobaki Mfuko wa Hatifungani, kuna gawio la kila mwezi, mstaafu ndo anachotaka. Mfuko wa Umoja una hisa za kampuni ndani, kwa umri wake nisingemwekea nyingi.

Mtoto wa Mwalimu
Nimewapigia kuulizia leseni ya CMSA, wanasema iko kwenye mchakato ila ofa inaisha Ijumaa 😂