Naomba ushauri: nawezaje kutambua chotara wa sato na perege kwa vifaa vya kawaida vya maabara?

Habari wakuu. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya baiolojia. Sato (Oreochromis niloticus) akitoroka mabwawani huzaana na perege wa asili wa Rufiji na Wami, Oreochromis urolepis, na hilo linaniumiza sana: perege huyu ni wa kwetu, akimezwa na uchotara hatumpati tena.

Nimetoa DNA kwenye vipande vya mapezi vilivyohifadhiwa kwenye ethanoli. PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya jini ya COI, inayotumika sana kutambua spishi, imekubali, mstari kwenye jeli ni safi, kama besi 650 hivi. Shida ni kwamba COI iko kwenye mitokondria, nje ya kiini cha seli, inarithiwa kwa mama tu. Chotara wa baba sato na mama perege atasomeka perege moja kwa moja.

Msimamizi anashauri niongeze vipimo vya umbo. Namheshimu, ila chotara wengine hufanana kabisa na mzazi mmoja. Mikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) zingefaa, lakini mashine ya kuzisoma hatuna, na kupeleka sampuli nje kunataka vibali na pesa.

Kuna aliyewahi kutumia jini ya kiini cha seli, akaikata kwa vimeng'enya na kusoma tofauti kwenye jeli ya kawaida? Alichagua jini gani? Au nibadili swali, nibaki na ukoo wa mama pekee?