"IMEULIZA KITU, NIKABONYEZA NDIYO": yule kijana wa kuingiza nyimbo amenimaliza

#1 Babu_Kaseti (mleta uzi)

Wakuu, sitoi salamu. Salamu zangu zote nimeziacha kwenye lile banda.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa kuingiza nyimbo upande ule wa Makoroboi, mwenye spika kubwa kuliko banda lenyewe, nywele zimesimama kama mkonge. Nusu ya Mwanza ina kesi naye, ila tunanyamaza kwa sababu anaamkia vizuri. "Shikamoo mzee." Kumbe ile shikamoo ni ganzi, sindano inafuata.

Leo saa nane mchana nimempelekea iPod yangu, kile kidude cha mfukoni cha kusikilizia nyimbo. ACHAJI TU. Waya wangu umekatika, ule mpana wa pini 30, siku hizi kuupata ni shida. Nikarudia mara tatu: chaji tu, usiguse kingine. Nikaenda zangu kula ugali na sato. Narudi, ananitazama kama daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa, anasema: "Mzee, imeuliza kitu, nikabonyeza ndiyo."

IMEULIZA KITU. NIKABONYEZA NDIYO.

Kitu gani? "Sikusoma mzee, ilikuwa Kiingereza kirefu." Yaani mtu akikuletea karatasi ndefu ya Kiingereza inayosema unauza nyumba ya baba yako, unaweka dole gumba?

Kwa ambao hamjawahi kuwa nacho: kidude hiki kina ndoa. Kinaoana na kompyuta moja. Ukikichomeka kwenye kompyuta nyingine, programu ya iTunes inauliza kistaarabu kabisa: hiki ni cha maktaba nyingine, nikifute chote nikijaze vya hapa? Pana kitufe cha kufuta na kitufe cha kughairi. VIWILI. Mbuzi angebahatisha.

Nyimbo 2,316 zimekwenda. Badala yake kimemwagiwa kila kilichokuwa kwenye kompyuta yake: singeli 63, mahubiri ya saa mbili, na somo la kwanza la Kiingereza. La kwanza tu! La kusoma swali kabla ya kujibu hajalifikia.

Mtasema nyimbo si zipo kwenye simu. Sikilizeni. Hiki ni cha mwaka 2004, GB 20, binamu yangu aliniletea kutoka Dubai 2005. Wakati huo mlikuwa mnarudisha mkanda kwa kalamu ya Bic. Wenye hela walikuwa na zile redio za CD za mkononi, gari likipanda tuta mwimbaji anapata kwikwi. Mimi nimetoka Kamanga hadi Geita, barabara ile ya zamani, vumbi mpaka kwenye meno, wimbo haujaruka hata mara moja! Kinavuta nyimbo kadhaa kwenye memori, halafu diski yake inalala. Hakili bando. Hakipigiwi simu na mtu wa mkopo. Nikizungusha kidole kwenye gurudumu napita kutoka Mbaraka Mwinshehe hadi Franco kabla kivuko hakijang'oa nanga. Kikiwa kipya kilikuwa kinaimba kwa muda wa saa kumi na mbili mfululizo. Siku hizi kinaimba kwa muda wa saa mbili hivi halafu kinazimia, kwa sababu betri imefungiwa ndani, hakuna mfuniko wala skrubu, na mimi sina moyo wa kukipasua mgongo.

Ila ubaya wake mkubwa ni huu, na ndio ulioniua. Ni MGONO, ule mtego wa samaki. Wimbo unaingia, hautoki. iTunes inapeleka nyimbo kutoka kompyuta kwenda kwenye kidude, kurudisha haitaki. Kompyuta yangu ilikufa 2011. Tangu hapo zile nyimbo zilikuwa zimebaki mle tu, mahali pamoja duniani.

Na mle kulikuwa na kaseti tisa za ngoma za Wagalu, kile chama cha ngoma cha Wasukuma, baba yangu mdogo alizirekodi mwenyewe kule Bujora, Kisesa, kwa redio kaseti, watoto wanalia, mtu anapiga kelele pisheni. Kaseti ya dakika 60 inataka dakika 60 kuiingiza kwenye kompyuta, haina njia ya mkato. Umeme ukikatika dakika ya 58, unaanza upya. Leo kaseti zenyewe zimeota ukungu.

Imeuliza kitu. Nikabonyeza ndiyo.

Halafu akaniambia ni elfu mbili na mia tano. Elfu mbili ya chaji. Mia tano ni "YA KUINGIZA NYIMBO".

Na nimelipa, wakuu. Nilikuwa nimeganda tu, mkono ukatoa hela wenyewe.

#2 Sangara_Mkavu

Nimeweka kiti, nasubiri wenye banda waje kujibu.

#3 Kipepeo wa Bwiru

Pole mzee wangu. Hiyo mia tano ndiyo imenivunja mbavu. Singeli 63 kwa mia tano, mbona umepata bei ya jumla?

#4 Babu_Kaseti

@Kipepeo wa Bwiru sikuleta uzi huu ili mcheke.

#5 Kipepeo wa Bwiru

Sasa umeuleta ili tufanye nini mzee, tuandamane?

#6 Dagaa_Mchele

Huyo kijana namjua. Mimi nilimpelekea flashi ina harusi ya dada yangu, akanirudishia ina harusi ya watu wengine. Nimeangalia mpaka mwisho, MC wao alikuwa mzuri kuliko wetu.

#7 Mtu_wa_Igoma

Mleta uzi analalamika ana GB 20. Sisi tulianza na kidude cha nyimbo cha Rio PMP300 ya mwaka 1998, MB 32! MB, siyo GB. Nyimbo kama nusu saa hivi, betri moja ndogo ile ya rimoti. Nikipanda daladala Igoma, tukifika Mabatini ishaanza kurudia. Na kwa hiyo nusu saa chama cha kampuni za muziki Marekani kilikimbilia mahakamani kuizuia isiuzwe. Kikashindwa. Wangeshinda leo usingekuwa na cha kufutiwa.

#8 Sangara_Mkavu

@Mtu_wa_Igoma 1998 ulikuwa na Rio Igoma? Kunywa chai mkuu, bado ya moto.

#9 Mtu_wa_Igoma

Nilisema "sisi". Sikusema mimi. Kaka yangu alikuwa nayo.

#10 Sangara_Mkavu

Kaka yako alikuwa nayo wapi?

#11 Mtu_wa_Igoma

Tusitoke nje ya mada.

#12 Ngoma_ya_Kisesa

Nimesoma mpaka hapo kwenye Wagalu. Poleni, lakini ukweli usemwe: hizo zingekuwa nyimbo za Wagika, wapinzani wenu wa ngoma, zisingefutika. Kompyuta ingeuliza mara mbili.

#13 Babu_Kaseti

@Ngoma_ya_Kisesa wewe usinitafute leo. Wagika mlikuwa na nini zaidi ya dawa ya kuvuta watu? Tulikuwa tunawaacha uwanjani wenyewe siku ya sherehe ya ngoma ya Bulabo, watu wote wamehamia kwetu.

#14 Ngoma_ya_Kisesa

Walihamia kwenu kwa sababu upande wetu palijaa. Nkoi, Bujora nimekulia pale. Nakumbuka mpaka mti.

#15 Babu_Kaseti

Mti upi? Taja mti.

#16 Mgeni_Mpya (amejiunga leo)

Habari zenu. Mimi sio huyo kijana ila namfahamu kwa karibu. Anasema mzee alipokuwa anaondoka alimuuliza "niendelee?" mzee akajibu "ndiyo, ndiyo" huku anaongea na simu. Pia anasema mzee amesahau kofia.

#17 Dagaa_Mchele

HUYU HAPA NDIYE YEYE JAMANI. Nirudishie harusi ya dada yangu!

#18 Mgeni_Mpya

Nimesema sio mimi. Harusi ipo, aje na flashi nyingine.

#19 Kipepeo wa Bwiru

Kumbe ndiyo ya kwanza alisema mzee mwenyewe. Uzi umegeuka.

#20 Babu_Kaseti

Nilisema ndiyo, ENDELEA KUCHAJI. Na kofia niwekee.

#21 Shemeji_wa_Watu

Mnaongelea banda la nyimbo, mimi nina fundi cherehani Pasiansi tangu Idi iliyopita ana kitambaa changu. Kila nikienda anasema bado vifungo. Juzi nimekutana na mke wake amevaa gauni. Vifungo vyote vipo.

#22 Sangara_Mkavu

Mfungulie uzi wake huyo, anastahili.

#23 Fundi_Kimya

@Babu_Kaseti usiingize wimbo mwingine wowote na usiichomeke tena kwenye iTunes. Kufuta kule kwa kawaida kunaondoa orodha, mafaili yenyewe hubaki kwenye diski mpaka yaandikiwe juu. Singeli 63 na mahubiri ni sehemu ndogo sana ya GB 20. Tafuta mtu mwenye programu ya kurejesha mafaili. Utayakuta na majina ya herufi nne nne yasiyo na maana, usishtuke, ndivyo iPod inavyoyahifadhi. Mengi yanaweza kurudi.

#24 Shemeji_wa_Watu

Sato leo Mwaloni anauzwaje? Jana nilitajiwa bei nikadhani wananiuzia na mtumbwi.

#25 Dagaa_Mchele

Usimnunue Mwaloni mchana. Nenda alfajiri, ujifanye unauliza wa mtu mwingine.

#26 Mtu_wa_Igoma

Mkumbuke pia Zune ya GB 30, kidude cha nyimbo cha Microsoft. Tarehe 31 Desemba 2008 ziligoma zote duniani kwa mpigo, kwa sababu saa yake haikujua kuhesabu siku ya 366 ya mwaka mrefu. Dawa ilikuwa kuacha chaji iishe na kusubiri Januari mosi.

#27 Sangara_Mkavu

Nayo kaka yako alikuwa nayo?

#28 Ngoma_ya_Kisesa

Mti ni mwembe. Upande wa kushoto ukiingia.

#29 Babu_Kaseti

Kushoto ukiingia ni UKUTA. Nilijua tu. Mgika wa kwenye simu wewe.

#30 Kipepeo wa Bwiru

Mzee umemsoma Fundi_Kimya hapo juu?

#31 Babu_Kaseti

Nitamsoma, ngoja kwanza nimalizane na huyu wa mwembe.

#32 Dagaa_Mchele

Hizo singeli 63 zipoje? Mwenye nazo anirushie, nina safari ya Ukerewe kesho.

#33 Babu_Kaseti

Takataka tupu.

Ile ya 14 nimeisikiliza mpaka mwisho, lakini ni kwa sababu nilikuwa kwenye daladala na vidole vilikuwa na mafuta ya sato.