Naomba ushauri: nyoka Atractaspis nimweke ukoo gani?

Wakuu habari. Nafundisha biolojia sekondari, nachora chati ya nyoka wetu. Nimekwama kwa Atractaspis, yule mweusi wa kuchimba ardhini, anayechoma kwa jino la pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa (ukimshika shingo bado anakupata). Kitabu cha zamani kimemweka na kifutu kwa sababu ya meno yale marefu. Lakini vinasaba vinamweka upande wa swila na koboko, tena pamoja na nyoka wa nyumbani asiye na madhara! Yaani meno ya sumu ya mbele yalitokea zaidi ya mara moja katika mageuzi ya nyoka. Sasa nichore kwa vinasaba, au nifuate kitabu? Aliyewahi kufundisha hili alianzaje bila kuwachanganya wanafunzi?