Wakata magari wa bondeni, hiyo oili na asidi mnammwagia nani?

Wakuu, leo nimeamka na hasira, msinitafutie lugha laini. Na Mods tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa kelele za baa.

Nyuma ya mtaa wetu, juu kidogo ya bonde la Msimbazi hapa Dar, kuna yadi ya kukata magari. Ilianza kama gereji ya mtu mmoja chini ya mwembe. Siku hizi yanaletwa magari ya ajali, yaliyokufa injini, daladala zilizochoka, yanalazwa ubavu na kukatwa kwa gesi. Biashara ya watu, sina kijicho. Mimi mwenyewe fundi umeme wa magari, spea za mtumba ndizo zinanilisha. Ninachogombea ni kimoja tu: gari linakatwa na uchafu wake wote ukiwa tumboni.

Wanachotaka wao ni chuma, shaba, alumini na masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Masega yanatolewa kwa adabu kama mayai, maana ndani yake kuna platinamu na paladiamu na wanunuzi wanayafuata hapohapo. Kisicho na bei kinamwagwa. Oili ya injini, ya gia, ya breki, kulanti ya rejeta, vyote shimo moja. Shimo likijaa wanachimba mfereji kuelekea bondeni, ambako akina mama wanamwagilia mchicha. Huo mchicha unapanda juu kwenye genge letu, mnanunua fungu, mnakula na ugali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba oili chafu ina wateja! Watu wanaitafuta wapake mbao zisiliwe na mchwa. Ila ukishaichanganya na maji na kulanti haiuziki tena, ndiyo inaishia kumwagwa. Yaani wangeweka madumu matatu tofauti wangepata hela. Hata tamaa wanashindwa kuifanya vizuri. Halafu hiyo kulanti ina utamu, mnyama akiikuta anailamba, na inaua figo. Mbuzi wa mtaani wanashinda humo humo.

Betri sasa. Zinapasuliwa kwa shoka, asidi inaachiwa chini, sahani za risasi (madini ya lead, siyo ya bunduki) zinatiwa kwenye kiroba. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Yule kijana anayepasua anarudi nyumbani na shati lilelile, mwanawe anamrukia begani. Msiniambie "vijana wamepata ajira". Thiaroye-sur-Mer kule Dakar, Senegali, ilikuwa ajira pia, watu waliokuwa wakichambua betri kuukuu wakazika watoto 18 kati ya 2007 na 2008. Mtaa wa Owino Uhuru Mombasa, pua na mdomo na sisi, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014 baada ya wakazi kupiga kelele miaka. Mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua, mpaka Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi tangu kiwanda kifungwe! Sisi tunataka kuanzia wapi?

Gesi ya AC, mtu anakata bomba kwa msumeno, psssss, imekwisha. Gesi yenyewe, R134a, kilo moja inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,300 ya hewa ukaa, lakini hiyo naiacha, najua mtanicheka. Ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, msicheke. Eabegi ambayo haijalipuka ni baruti imekaa ndani ya usukani, na nimeona dogo anapitisha moto wa gesi kwenye dashibodi bila hata kuangalia. Zile za kampuni ya Takata, ambazo zilifungwa kwenye magari mengi ya Kijapani, baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu. Joto na unyevu, Dar es Salaam, jamani!

Na jioni wanachoma nyaya wapate shaba. Plastiki ya waya ikiungua inatoa sumu inayoitwa dioksini. Mke wangu anaanua nguo saa kumi na moja kila siku kama anakimbia mvua.

Sasa hapa ndipo niliposhika kichwa. Japani wana sheria iliyoanza kutumika Januari 2005. Mwenye gari analipia mapema pesa ya kuliua gari lake: eabegi, gesi ya AC, na mabaki yanayobaki gari likishasagwa. Gari likiuzwa nje ya nchi, mwenyewe anaruhusiwa kudai pesa hiyo arudishiwe. Kwa hiyo ile Ist na ile Noah zinashuka bandarini na sumu yake kamili, hela ya kuishughulikia imebaki Tokyo. Hawajavunja sheria yoyote. Sisi tunalipa ushuru wa uchakavu juu yake, na kwenye yadi hii sijaona hata ndoo iliyonunuliwa kwa hela hiyo.

Malalamiko nimepeleka. Mwenyekiti wa mtaa kanituma kwa mtendaji, mtendaji kanituma kwa bwana afya, bwana afya kaja, kakaa kwenye kiti cha plastiki, kanywa soda ya mwenye yadi, kasema ataandika ripoti. Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004, taka hatarishi zinahitaji kibali. Nilimuuliza mwenye yadi kibali kiko wapi, akanionyesha leseni ya biashara. Leseni ya gereji!

Sitaki wafungwe. Nataka sakafu ya zege, madumu, betri zitoke nzima, na oili imwagwe kwenye chombo kabla moto wa gesi haujawashwa. Kwa gari dogo ni kazi ya saa moja, nawafundisha mimi bure.

Mwenye kujua malalamiko ya namna hii yakishakwama kwa bwana afya yanapelekwa wapi, aniandikie hapa chini. Picha za mfereji ninazo. Na wewe utakayeandika "hama", nitajie kwanza bei ya kiwanja.